Tathmini: Meli ya Minara Inayozunguka, Iliyoundwa kwa Oda katika Karakana ya Mashua ya Ggaba

Karakana ninayoieleza hapa iko Ggaba, karibu na soko la samaki, na riziki yake ya kila siku ni kuunda na kukarabati mashua za mbao za wavuvi na za abiria wanaovuka Ghuba ya Murchison. Haina bango, na mwenyewe ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa, alivyosema, hataki kuamka asubuhi akute foleni ya watu wanaotaka vidude vya kuchezea. Nitamwita Mzee, kama anavyoitwa na kila mtu pale. Nilimpelekea kazi ambayo mafundi kadhaa wa samani mjini Kampala walikuwa wameikataa kwa heshima: kuunda tangu mwanzo, bila kipande chochote kilichonunuliwa kikiwa tayari kimekatwa, meli ya mfano yenye urefu wa sentimita 110 ambayo haina tanga wala propela, bali husukumwa na upepo kwa msaada wa minara miwili inayozunguka. Nilitaka itembee majini kweli kweli, si ikae kabatini ikikusanya vumbi.

Umbo hilo halikutoka kichwani mwangu. Mhandisi Mjerumani Anton Flettner alilifanya kuwa meli halisi mwaka 1924, pale skuna (meli ya matanga) iliyoitwa Buckau ilipovuliwa matanga yake katika kiwanda cha Germaniawerft huko Kiel, na mahali pake pakasimikwa minara miwili ya chuma yenye urefu wa takribani mita 15 kila mmoja. Februari 1925 meli hiyo ilivuka Bahari ya Kaskazini kutoka Danzig hadi Uskoti, na mwaka uliofuata, ikiwa imebadilishwa jina na kuitwa Baden-Baden, ilivuka Atlantiki na kuingia New York tarehe 9 Mei. Baada ya hapo wazo lililala, kwa sababu mafuta yalikuwa rahisi. Limeamka tena katika karne hii: meli E-Ship 1 ya kampuni ya Enercon, yenye minara 4 ya mita 27, ilianza kazi mwaka 2010.

Anayetazama mpira wa adhabu ukipinda kuuzunguka ukuta wa mabeki ameshaiona nguvu yenyewe, ambayo ilichunguzwa na Mjerumani mwingine, Gustav Magnus, katikati ya karne ya 19. Mnara ukizunguka ndani ya upepo, upande wake mmoja huenda pamoja na hewa na kuiharakisha, na upande wa pili huenda kinyume chake na kuichelewesha. Basi mnara husukumwa kuelekea kwenye hewa yenye kasi, yaani pembe mraba na mwelekeo wa upepo. Upepo ukipiga ubavuni, meli huenda mbele. Minara ikigeuziwa mzunguko, meli hiyo hiyo hurudi nyuma, jambo ambalo mashua ya tanga hulifanya kwa taabu sana.

Nilipeleka picha za Buckau zilizochapishwa pamoja na mchoro wa ubavuni, nikiamini kwamba kazi ya fundi itakuwa kugawa kila kipimo kwa namba moja na kuanza kukata. Mzee alijifunza useremala wa vyombo Mwanza akiwa kijana, na Kiswahili chake ni cha huko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama picha muda mrefu, halafu akauliza: “Mwanangu, umepunguza meli. Na upepo wa huku nao umeupunguza?” Kwa maoni yangu swali hilo moja lilistahili nusu ya malipo yote, kwa sababu ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata, na ndilo linaloitenganisha karakana hii na watu wanaochonga mapambo.

Hesabu yake ni hii. Meli ikipunguzwa vipimo vyake vyote mara 10 na upepo ukabaki ule ule, uwezo wa upepo wa kuilaza ubavu hupungua mara 1,000, lakini uwezo wake wa kujisimamisha hupungua mara 10,000. Kwa hiyo nakala kamili ya meli iliyotulia baharini hupinduka kwa upepo mdogo tu wa ziwani. Mzee hakuifanya hesabu hiyo kwa karatasi. Alisema tu kwamba chombo kidogo hulewa upesi. Dawa yake ilikuwa ya aina mbili. Kwanza aliongeza upana mpaka sentimita 27, upana ambao mpenzi wa picha za kale ataulalamikia. Pili alishusha chini ya tumbo ubao mwembamba kama bawa, wenye kina cha sentimita 25, na kwenye ncha yake akafunga farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, ya madini ya risasi yenye uzito wa kilo mbili na nusu. Risasi hiyo aliinunua pale pale Ggaba kwa wauza nyavu, vipande vidogo vya kuzamishia nyavu ambavyo viliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya udongo. Ubao huo una kazi nyingine ambayo sikuwa nimeifikiria: unazuia chombo kisipelekwe upandeupande, na bila huo nguvu ya minara ingepotea kwa kuisukuma meli kimshazari.

Kuhusu tumbo la meli sina mengi ya kusema isipokuwa sifa. Buckau ilikuwa na tumbo la chuma la mviringo. Mzee ameliacha akatumia tumbo lenye kona, kama la mashua anazoziunda kila siku, kwa plaiwudi nyembamba juu ya mataruma (mbavu za chombo) ya mvule. Mvule ni mzito, na kwa kawaida uzito ni adui wa chombo kidogo, lakini umetumika sehemu za chini tu, mahali ambapo uzito unasaidia. Sitaha na kuta za juu ni za musizi, mti mwepesi unaorandwa kirahisi. Viungo vimefungwa kwa gundi ya epoksi na utepe wa kitambaa cha faiba kwa ndani. Nilipitisha kidole kwenye kila kona nikitafuta mahali ambapo gundi imeachwa ikining'inia, na sikupata. Omo, yaani sehemu ya mbele, limechongwa kwa gogo moja, na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umetokeza mbele kidogo kupita omo, jambo ambalo halipo kwenye mchoro wangu. Nilipouliza, niliambiwa kwamba mitumbwi ya zamani ya Ssese, ile ya mbao zilizoshonwa, ilikuwa hivyo, na kwamba chombo kinachoogelea ziwa hili kinapaswa kuwa na alama ya ziwa hili. Kimhandisi kitokezo hicho hakina faida ninayoweza kuipima. Nimekiacha.

Sasa minara, ambayo ndiyo roho ya kazi na ndiyo iliyokula muda mwingi. Mnara wa Flettner hufanya kazi vizuri pale uso wake unapokwenda kwa kasi ya takribani mara 3 hadi 4 ya upepo. Minara ya Buckau ilikuwa minene, karibu mita 3 kipenyo, hivyo mizunguko 120 hivi kwa dakika iliwatosha. Mnara mdogo hauna unafuu huo. Chukua upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao Ggaba ni upepo wa kawaida wa mchana: bomba la maji la inchi 3 litahitaji kuzunguka takribani mara 3,000 kwa dakika ili uso wake ufikie mara 3 ya kasi hiyo. Ndivyo tulivyoanza, kwa bomba la plastiki la dukani, kwa sababu mchoro ulitaka mnara mwembamba. Matokeo yake yalikuwa mtetemeko uliofanya vikombe vya chai juu ya meza ya karakana vigongane. Bomba la maji halikutengenezwa kuzunguka. Unene wa ukuta wake haulingani pande zote, na jicho halioni tofauti hiyo mpaka kasi iionyeshe.

Hapo karakana ingeweza kunirudishia fedha zangu, na nisingeilaumu. Badala yake Mzee aliacha uwiano wa picha. Aliongeza kipenyo mpaka sentimita 12 na kupunguza urefu mpaka sentimita 45, hivyo kasi inayohitajika kwa upepo ule ule ikashuka hadi mizunguko 1,900 hivi. Kisha akatupa bomba na kuunda mnara kwa vitu vya duka la vifaa vya ofisi: karatasi za plastiki ngumu, zile zinazowekwa kama jalada la ripoti iliyofungwa, zimeviringishwa juu ya duara nyembamba za plaiwudi zilizotobolewa ili kupunguza uzito. Mnara mmoja sasa una uzito usiofika nusu ya ule wa bomba. Ndani yake umesimama mlingoti wa chuma usiozunguka, uliokita hadi kwenye mkuku, na mnara unauzunguka juu ya beringi mbili, moja chini na moja karibu na kilele, ili usiyumbe kama ungeshikwa chini peke yake.

Usawazishaji wake ni kazi niliyofurahi kuitazama. Mnara hupitishiwa fimbo laini ya chuma, na fimbo hiyo hulazwa juu ya makali ya visu viwili vilivyosimamishwa sambamba, vikiwa vimepimwa kwa pimamaji. Mnara ukiachiwa, upande mzito hujiviringisha taratibu mpaka chini na kutulia hapo. Mzee hubandika kipande cha utepe upande wa juu, huuzungusha kidogo kwa pumzi ya mdomo, husubiri, hukata utepe kwa mkasi kidogo kidogo, mpaka mnara usimame popote unapoachwa. Alifanya hivyo bila haraka hata kidogo, wakati nje mvuvi mmoja alikuwa akiulizia mashua yake kwa sauti ya juu. Mtetemeko haujaisha kabisa. Kuna kasi ya katikati ambapo sitaha nzima huvuma, halafu mvumo huo hutoweka kasi ikipanda. Ushauri wangu kwa atakayeagiza ni kuipita kasi hiyo upesi na kutokaa hapo.

Kileleni mwa kila mnara kuna kisahani kipana kuliko mnara wenyewe, na watu wengi hudhani ni pambo. Si pambo. Hewa ya upande wenye kasi na hewa ya upande uliochelewa hupenda kukutana kwa kupitia juu ya kilele, na zikikutana nguvu hupungua. Kisahani huzizuia, na Flettner mwenyewe aliviweka juu ya minara ya Buckau. Tulijaribu meli bila visahani kisha tukavirudisha, upepo ukiwa haujabadilika, na tofauti ilionekana kwa macho ya mtu yeyote aliyesimama ufukweni.

Upande wa umeme karakana hii haina fundi wake. Kazi hupewa kijana wa kibanda cha jirani anayetengeneza redio na simu, na hapa ndipo tathmini yangu inapopungua joto. Uchaguzi wake wa mota ulikuwa mzuri: mbili za volti 12 zilizotolewa kwenye printa zilizokufa, zinazozungusha minara kwa mikanda ya mpira. Nilikuwa nimependekeza mota za droni, naye akaniambia, “Bosi, vidhibiti vya droni vingi vinazungusha upande mmoja tu, na wewe unataka kurudi.” Alikuwa sahihi, kwa sababu meli hii lazima igeuze mzunguko kila inapobadilisha ubavu unaopigwa na upepo. Kila mota ina kidhibiti chake kinachokwenda pande zote mbili, na usukani una chaneli yake, hivyo rimoti ya chaneli 3 inatosha. Lakini nyaya ziliunganishwa bila kufunikwa dhidi ya maji, swichi kuu iliwekwa ndani chini ya mfuniko wa sitaha ambapo haifikiki bila kung'oa skrubu, na mfuniko wenyewe haukuwa na mpira wa kuzuia maji. Siku ya kwanza majini ngama, yaani sakafu ya ndani ya tumbo, ilikusanya maji ya kutosha kuzima kidhibiti kimoja. Karakana ilikibadilisha bila kunitoza na bila mabishano, ikaweka mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Hata hivyo watu wanaoishi kwa kuzuia maji yasiingie kwenye mashua walipaswa kuliona jambo hilo kabla yangu.

Majini, meli hii ni burudani ya aina yake. Ggaba alasiri upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, hivyo ukiiweka meli sambamba na ufuko upepo unaipiga ubavuni barabara, na hiyo ndiyo hali inayoipenda zaidi. Minara ikiwa imezimwa, meli huelea na kusukumwa polepole kuelekea mawe kama kopo tupu. Ukiwasha, kwa muda mfupi hakitokei kitu, minara inapanda kasi, na kisha chombo kinaanza kwenda mbele bila tanga, bila povu la propela nyuma yake. Wachuuzi wa samaki walisogea kutazama, na mama mmoja akauliza kwa sauti injini imefichwa wapi. Upepo usipopiga ubavuni barabara, ukizungusha mnara wa mbele upande mmoja na wa nyuma upande wa pili, mmoja husukuma omo na mwingine huvuta tezi (sehemu ya nyuma), na meli hugeuka karibu pale pale ilipo. Usukani umebaki kwa marekebisho madogo tu.

Kilichonishangaza zaidi ni tabia yake upepo unapochafuka. Mashua ya tanga hulala ghafla mkupuo wa upepo unapoipiga. Hii huinama kidogo na kuendelea, kwa sababu minara inazunguka kwa kasi ile ile. Upepo ukiongezeka, uwiano kati ya kasi ya uso wa mnara na kasi ya upepo hushuka, na nguvu haipandi kwa ukali ambao ungetarajiwa. Mashabiki wa Flettner walilisema hilo miaka mia moja iliyopita, na ni raha kulishuhudia kwenye kitu ambacho unaweza kukibeba kwapani.

Kuna mambo ambayo meli hii haiwezi, na ni ya umbo lake, si ya fundi. Upepo ukitoka nyuma moja kwa moja, minara haina msaada, maana inasukuma kando. Inabidi kwenda kwa kona, kama mtu anayebisha, ila safari hii akiwa anakwenda na upepo. Pia haifai mahali penye upepo wa kubahatisha. Niliipeleka Ziwa la Kabaka, lile lililochimbwa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya Mengo na Ndeeba, nikidhani maji yake yaliyotulia yatafaa. Majengo na miti inaukata upepo vipande vipande, unageuka kila mara, na mwendeshaji anabaki akibadilisha mzunguko wa minara bila kupumzika. Ggaba nako kuna magugu maji, ambayo hunasa kwenye ubao wa farumi na kuisimamisha meli mbali na mkono. Ni vizuri kuwa na rafiki mwenye mtumbwi. Betri ya lithiamu ya miliampea 2,200 huendesha minara yote miwili kwa muda unaokaribia saa moja, na ikiisha huna cha kukurudisha nyumbani isipokuwa upepo wenyewe.

Gharama ilikuwa shilingi 650,000 za Uganda kwa tumbo, minara na kazi ya umeme, bila betri wala rimoti, ambavyo nilivinunua mwenyewe. Kwa mtu anayetaka pambo la sebuleni ni ghali, na kusema kweli pambo lenyewe halingekuwa zuri sana: rangi imepakwa kwa brashi ya mashua kubwa na alama za brashi zinaonekana, mshono wa karatasi za plastiki kwenye minara haukufichwa, na hakuna hata kidirisha kimoja kwenye kibanda cha nahodha. Anayetaka nakala halisi ya Buckau pia ataondoka hajaridhika, kwa kuwa upana, unene wa minara na tumbo vyote vimebadilishwa. Kwa anayetaka chombo kinachofanya kile ambacho mchoro unaahidi, sijaona mahali pengine Kampala ambapo angepata watu wenye subira ya kumfikisha huko kwa bei hiyo.

Kazi ilichelewa kupita tarehe tuliyokubaliana, sababu ikiwa kwamba mashua ya mvuvi huja kwanza, na Mzee hapokei simu akiwa na randa mkononi; ni afadhali kwenda mwenyewe, mchana, soko likishapungua. Atakayeagiza aseme mapema kwamba anataka swichi juu ya sitaha na nyaya zilizofunikwa, kisha aombe mkanda wa mpira wa akiba kwa kila mnara, kwa sababu mikanda ya printa ni ya zamani na mmoja wangu umeshaanza kupasuka.